Ukishapita Muhogo

Athanase Akilimali aliulizwa swali moja tu hewani, na jibu alilolitoa lilikuwa la kweli. Hilo ndilo lililomtesa baadaye. Angekuwa amedanganya wazi wazi, labda angejua namna ya kutubu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Ndege yake ndogo ya injini moja ilikuwa imetoka tu Itebero na magunia ya madini, ikijivuta kupanda juu ya msitu wa Walikale kuelekea Goma. Upande wa pili, juu ya milima ya Masisi, Evode alikuwa anakuja na ndege pacha ya hiyo, nyuma yake sukari, sabuni na makreti ya bia. Marubani wa kampuni yao walikuwa na desturi ya kuulizana habari wanapopishana, maana kule msituni hakuna mnara wa kuongozea ndege wala mtu wa kukueleza chochote.

"Kaka, barabara iko aje?" Evode aliuliza kwenye redio.

Athanase alibonyeza kitufe cha kusemea, akakiachia, akakibonyeza tena.

"Iko wazi," alisema. "Bariere imefungwa, hakuna muntu."

"Aksanti, kaka."

Waliposema barabara, walimaanisha barabara kweli. Itebero haina uwanja wa ndege. Ina kipande cha lami kilichonyooka, mita mia tisa hivi kutoka kwenye kona hadi kwenye daraja, na ndege ikisikika, mlinzi hushusha bariere huku na huku, pikipiki zikasubiri, ndege ikatua. Zamani kampuni iliweka matairi yaliyopakwa chokaa kando ya lami ili rubani ajue mahali pa kugusa chini. Matope na majani yaliyameza matairi hayo mwaka wa kwanza tu, na hakuna aliyejisumbua kuyafukua, kwa sababu marubani walikuwa wamepata alama nyingine ambayo hawakuiandika kwenye karatasi yoyote.

Alama hiyo ilikuwa muhogo. Akina mama wa Itebero walianika muhogo wao ukingoni mwa lami, mbele ya nyumba ya katekista mzee, mkeka baada ya mkeka, utepe mweupe unaoonekana hata ukungu ukiwa umetanda. Rubani mgeni alipofika, mwenyeji wake alimnong'oneza sheria yenyewe: ukishapita muhogo, kata gesi, weka magurudumu chini. Kwa miaka sita sheria hiyo haikumwangusha mtu, kwa kuwa kwa miaka sita muhogo haukuhama.

Jumanne hiyo ulikuwa umehama. Katekista alikuwa amefariki, watu wa kilio wamejaa mbele ya nyumba yake na mabenchi yao na moto wao hadi ukingoni mwa lami, na akina mama wakaona haifai kuanika chakula katikati ya matanga. Wakabeba mikeka yao wakaipeleka mbele, upande wa daraja. Athanase mwenyewe alipokuja kutua saa tatu, nusura aingie mtegoni. Alikuwa bado anaungoja muhogo alipoliona bati la bluu la kanisa likipita chini ya bawa lake. Alizaliwa Itebero, alitembea barabara hiyo kwenda shule miaka yote ya utoto wake, na alijua kwamba kanisa huja baada ya muhogo, si kabla. Alikata gesi hapo hapo, roho mkononi, akasimama salama.

Wapakuzi walipokuwa wakipakua alijiambia: lazima nimwambie Evode. Alipowasha injini aliyarudia maneno hayo. Halafu akaisikia ile sauti kwenye redio, tulivu, ya mtu ambaye hajawahi kulowa jasho ndani ya ndege, na ulimi wake ukafanya mambo yake.

Walianza kazi mwezi uleule, yeye na Evode. Lakini Evode ndiye aliyeitwa Pamba, kwa jinsi alivyotua. Abiria wa Walikale walikubali kungoja siku nzima ili wapande na Pamba. Wapakuzi walisema kwenye ndege ya Pamba hata yai linafika, na kwenye ya Athanase fungua bia polepole, imetikiswa. Walicheka, naye alicheka nao, na kila mara alirudi nyumbani akiyarudia maneno hayo. Sasa kampuni ilikuwa inaleta ndege ya injini mbili. Mmoja wao wawili angepelekwa Afrika Kusini kujifunza kuirusha, na akirudi awe mkuu wa marubani. Watu wote walijua ni nani.

Athanase hakutaka Evode aumie. Hilo alijiapia mara nyingi. Alitaka tu mara moja, mara moja tu, Pamba atue vibaya na makreti yagongane, wapakuzi wasikie.

Simu ilimkuta Goma kabla hajashuka kwenye ngazi. Mlinzi wa bariere alikuwa anapiga kelele kwamba ndege ya pili imepitiliza daraja.

Hakufa mtu. Ndege iliteleza pembeni mwa daraja, ikaingia mtaroni, pua ikazama kwenye tope, sukari ikamwagika mtoni. Evode aliteguka bega na kupasuka paji la uso. Ndege ya kampuni jirani ilimrudisha Goma mchana, akafungwa bega, na jioni mkewe Mukashema akamchukua kwenda naye kwao Bihambwe akapumzike.

Ofisini, marubani wenzake walilipokea jambo hilo kwa namna yao. Marubani ni watu wa ajabu. Mwenzao akianguka hukimbilia kuyahesabu makosa yake, wapate kujihakikishia kwamba wao hawana. Yves, ambaye midomo yake haijawahi kupata likizo, alichukua kikombe cha chai, akakiteremsha mezani taratibu akisema pamba, pamba, pamba, kisha akakisukuma kikadondoka sakafuni. Walicheka. Naomie, msichana aliyejiunga mwaka jana, alisema kwamba yeye asingediriki kutua mbali hivyo, kwamba nusu ya barabara ilikuwa imekwisha, kwamba mtu akiona amechelewa hupandisha ndege tena akazunguka. Alisema kweli. Lakini Naomie alitua kwa muhogo, na Yves alitua kwa muhogo, na hakuna hata mmoja aliyelitamka neno muhogo siku ile. Kulitamka kulikuwa sawa na kukiri kwamba wanarusha watu kwa kutazama mikeka ya akina mama.

Mkurugenzi, Papa Byukusenge, alimwita Athanase peke yake. Alimwambia arudi Itebero kesho yake kupima alama za magurudumu, aandike ripoti, kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kutua kabla ya ajali. Kikao kingekuwa Ijumaa. Mambo yakiwa kama yanavyoonekana, Evode atarudisha leseni yake. Kisha akashusha sauti, akamuuliza kama pasipoti yake bado ni nzima.

Athanase alijibu kwamba ni nzima.

Jumatano alitua Itebero. Muhogo ulikuwa umerudi mahali pake, mbele ya nyumba ya katekista, watu wa kilio wakiwa wamesogea uani, kana kwamba haukuwahi kwenda kokote. Alichukua utepe wa kupimia, akaenda na mlinzi hadi mahali pa michirizi. Magurudumu ya Evode yalikuwa yamegusa lami mita mia nne themanini kutoka kwenye kona. Athanase aliangalia ukingoni. Kwenye nyufa za lami, hatua arobaini kabla ya michirizi, kulikuwa na unga mweupe uliobaki pale mikeka ilipokuwa. Hatua arobaini baada ya muhogo: hapo ndipo Evode alipogusa kila siku ya maisha yake ya kazi. Alikuwa ametua kwa usahihi uleule, pamba ileile, mahali ambapo muhogo ulimwambia atue. Athanase aliukanyaga unga ule kwa kiatu na kuusugua.

Aliposimama wima alimwona mama yake mdogo, Godelieve, amesimama na ungo kifuani. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wale wanaoanika. Alimsalimu, akamuuliza habari za mgonjwa.

"Mutoto yangu," alisema, "ile avio ilianguka sababu ya muhogo yetu?"

"Hapana, Mama. Nani alikuambia vile?"

"Siye tunajuaka. Munaangaliaka muhogo. Banatuambiaka, na tunafurahi." Aliutazama ungo wake. "Jana tuliirudisha mbio. Sikulala. Kama ni ju yetu, nitaenda kumuomba pardon kule kwao, hata kwa miguu."

Athanase alimshika mkono, akamwambia hapana, muhogo haukuhusika, ni rubani tu aliyekosea hesabu zake. Mama yule alishusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti, akarudi kwenye mikeka yake akiwa mwepesi. Huo sasa ulikuwa uongo, safi, usio na pa kujificha, na Athanase alishangaa jinsi ulivyotoka bila kukwaruza.

Usiku huo aliandika ripoti. Kurasa mbili, vipimo vyote sahihi. Kwenye mstari wa hali ya barabara aliandika: wazi.

Alhamisi hakuwa na safari. Alijiambia ni ubinadamu kwenda kumwona mgonjwa, akashika pikipiki kuanzia Sake, akapanda milima ya Masisi hadi Bihambwe. Siku zile njia ilikuwa bado inapitika. Ukweli ni kwamba alitaka kujua Evode anakumbuka nini. Kama Evode ameukumbuka muhogo, basi Ijumaa ingekuwa siku mbaya, na alitaka kuijua mapema.

Mukashema alimpokea kwa heshima zote, akamletea maziwa, akamwonyesha nyuma ya nyumba. Evode alikuwa ameketi kwenye kigoda kulitazama zizi la ng'ombe, mkono umefungwa kwa kitambaa, plasta kwenye paji la uso. Kwenye mlango wa zizi, mbali kama hatua kumi na tano, alikuwa amepigilia kalenda ya parokia. Alikuwa ameziba jicho la kushoto kwa kiganja na midomo yake ilikuwa inatembea.

Hakushtuka alipomwona Athanase. Alimwambia aketi, kisha akamwomba amwambie kama tarehe ya mwisho pale mstari wa tatu ni ishirini na moja. Athanase alisema ndiyo. Evode akabadilisha jicho.

"Kutoka jana niko nafanya hivi," alisema. "Naona zote. Ndiyo kitu inanitisha. Naona zote, na kwa avio sikuona."

Athanase alimuuliza polepole alikumbuka nini.

"Niliona muhogo. Nikapita muhogo. Nikakata gesi, magurudumu ikagusa muzuri, weye unajua vile nafanyaka. Kiisha nikainua macho, daraja iko hapa." Aliinua kiganja mbele ya uso. "Daraja haitembeake, kaka. Ni macho. Kwa papa yangu ilianza vile vile. Alikuwa anaona, anaona, siku moja akakanyaga mutoto wa ng'ombe. Mwaka ule ule macho ikafunga."

Baba yake Evode alikuwa ameketi upande wa pili wa ua, mzee safi katika koti, uso wake umeelekezwa mahali pasipo na kitu. Athanase hakuwa amemwona. Sasa alimwona, akayaweka maziwa chini.

Evode aliendelea kwa sauti ileile tulivu. Alisema kesho atairudisha leseni yake mwenyewe kabla hawajamwomba. Alisema haogopi kufukuzwa, kwao kuna mashamba na ng'ombe wachache, mtu hafi. Anachoogopa ni kufikiria ni asubuhi ngapi alipeleka watu bila kujua kwamba haoni. Tangu ajali hakuwa amemshika mtoto wake mdogo, asije akamwangusha.

"Ile nafasi uchukue weye," alisema. "Naifurahia. Weye uko unaona muzuri."

Hapo ndipo mahali pa kusema, na Athanase alijua. Maneno yalikuwa machache, yangetosha kwenye pumzi moja. Lakini Mukashema alitoka na viazi, Evode akamwomba mkewe aisogeze kalenda mbali kidogo, na yule mama akaibeba kalenda, macho mekundu, akaipigilia kwenye mgomba. Athanase alikula viazi viwili, akaaga. Kwenye pikipiki, mteremko wote hadi Sake, alilia, na dereva akadhani ni upepo.

Ijumaa saa tatu walikuwa ofisini wote. Kwenye ukuta wa mwisho kulikuwa na ubao wa safari za wiki, maandishi ya kalamu ya bluu. Papa Byukusenge aliisoma ripoti kwa sauti, mita kwa mita. Yves alitikisa kichwa kwa huzuni ya kununua. Mkurugenzi aliuliza kama kuna mwenye neno, na Evode akasimama, akatoa leseni yake mfukoni, akaiweka mezani.

Alisema anamshukuru kila mtu. Alisema macho yake yamekwisha, na kwamba kosa ni lake tu, asilaumiwe mlinzi wala fundi. Akaanza kuketi, akipapasa kiti kwa mkono mzima kama mtu aliyekwisha kuwa kipofu.

Mpapaso ule Athanase hakuweza kuuvumilia.

"Macho yake ni mazima," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Macho yake ni mazima. Muhogo ulihama."

Papa Byukusenge, ambaye hajawahi kurusha hata kishada, aliuliza muhogo gani. Athanase alimweleza kila kitu: mikeka, sheria ya kunong'onezana, matanga ya katekista, bati la bluu la kanisa. Alieleza kwamba yeye aliona saa tatu, kwamba saa nne aliulizwa, na alijibu nini. Hakujitetea.

Mkurugenzi alimgeukia Yves: je, naye anatua kwa muhogo? Yves alitazama dirishani, akasema yeye hufuata matairi. Akamgeukia Naomie. Naomie alisema matairi, kisha akainamisha kichwa akaanza kukunja ncha ya kitambaa chake. Matairi ambayo hakuna aliyeyaona kwa miaka sita.

"Mimi, ni muhogo," Evode alisema. "Siku zote."

Papa Byukusenge alivuta pumzi, akasema anayo maswali mengi kuliko aliyokuja nayo. Evode atafanyiwa uchunguzi upya, matairi yatafukuliwa kesho na wao wenyewe kwa majembe. Athanase aache leseni yake mezani. Kuhusu pasipoti hakusema tena.

Athanase aliitoa leseni, akaiweka. Alitamani mtu ampige.

Evode alikuwa bado amesimama.

"Ilihama mita ngapi?" aliuliza.

"Mia tatu na kumi."

Evode alihesabu moyoni. Ilionekana usoni jinsi alivyoipita barabara yote, kona, nyumba, kanisa, mikeka. Kisha akageuka kuelekea ubao wa ukuta wa mwisho, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akaanza kusoma. Alisoma kila mstari, siku, mahali, jina la rubani, bila kukosea. Akahamisha kiganja, akasoma yote tena kwa jicho lingine, hadi mstari wa chini kabisa: Jumamosi, Itebero, Akilimali. Hapo sauti yake ilikatika na mabega yake yakatikisika, lile bovu na lile zima, na Naomie akalia waziwazi.

Alijifuta uso. Alichukua leseni yake mezani, akairudisha mfukoni, akaenda hadi mlangoni. Hapo akasimama, akamtazama Athanase kwa macho yake mawili.

"Kaka," alisema, "barabara iko aje?"

Athanase aliona kwamba anangojwa kweli, kama mtu anavyongojwa kwenye redio, na kwamba hakuna kitufe cha kukiachia.

"Iko wazi," alijibu. "Lakini kuko kilio kwa nyumba ya katekista. Muhogo wameisogeza mbele mita mia tatu, upande wa daraja. Usiiangalie. Angalia bati ya kanisa, na ukate gesi kabla haujaifikia."

"Aksanti," Evode alisema. Safari hii hakumwita kaka. Alifungua mlango, akatoka.